Mji Tumewapa, Jibu Liko Wapi?

HAMISI: Tunarekodi? Haya, karibuni. Zuhura leo kaingia na daftari la kaunta kwapani. Miaka yote hii sijawahi kumwona na daftari.

ZUHURA: Si langu, la mama.

HAMISI: Bi mkubwa hajambo? Goti?

ZUHURA: Goti linapona. Jumapili usiku kamaliza Lost, ile tamthilia ya Marekani ya watu walioanguka na ndege kisiwani.

HAMISI: Misimu yote sita?

ZUHURA: Sehemu 121, Hamisi. Nilimwekea alipoambiwa asitembeetembee, nikijua ataangalia mbili tatu aachane nayo. Nikarudi kutoka kazini siku ya pili nikamkuta na daftari hili. Kila fumbo likitokea analiandika kwa peni ya bluu na kulipa namba. Likijibiwa, tiki nyekundu. Soma hapo mwanzo.

HAMISI: "1. Dubu mweupe kafikaje nchi ya joto? 2. Nani wananong'ona msituni? 3. Hizi namba 4, 8, 15, 16, 23, 42 ni za nini? 4. Huyu mtoto Walt ana nini?" Mwandiko mzuri.

ZUHURA: Yako maswali 63. Hesabu tiki.

HAMISI: Moja... nane... kumi na moja. Na hii moja kaipiga halafu kaifuta.

ZUHURA: Kaifuta Jumapili. Mwisho wenyewe nilikuwa nimekaa naye. Wote wamekutana kanisani, wanakumbatiana, mlango unafunguliwa, mwanga unaingia. Jack, yule mhusika mkuu, kalala kwenye mianzi, jicho linafumba. Mama akavua miwani, akaniuliza, "Kumbe walikufa tangu ndege ilipoanguka?" Akafunga daftari akaenda kulala. Hata usiku mwema hakuniambia. Na mama yangu huniambia usiku mwema hata tukiwa tumegombana.

HAMISI: Pole yake. Ila hapo lazima niseme, na mama anisikie: hawakufa tangu mwanzo. Ya kisiwani yote yalitokea kweli. Kanisa lile ni mahali walipokutana baada ya kila mmoja kufa kwa wakati wake, wengine miaka mingi baadaye. Baba yake Jack anamwelezea hayo palepale. Kilichochanganya watu ni kwamba usiku ule, tarehe 23 Mei 2010, kituo cha runinga cha ABC kiliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita. Waandishi hawakuzikusudia kuwa sehemu ya hadithi. Watu wakaona ndege tupu, wakahitimisha wote walikufa.

ZUHURA: Nilimweleza asubuhi. Akasema sawa, basi na hilo swali lifutwe. Akauliza, "Na ndege ya Nigeria?"

HAMISI: (anacheka) Ndege ya Nigeria!

ZUHURA: Swali la 19. Kaipigia mstari mara mbili. Kwa ambao hamkumbuki, kwenye kisiwa kile cha Pasifiki kuna kindege cha injini mbili kimenasa juu ya miti. Ndani mna sanamu za Bikira Maria zimejazwa dawa za kulevya, na maiti ya padri, ndugu yake Bwana Eko, mmoja wa walionusurika kwenye ajali. Kiliruka Nigeria. Mama anasema, mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini, kindege kile hata Nairobi kisingefika bila kutua kuweka mafuta.

HAMISI: Sasa subiri, kuna kitu nimebeba.

ZUHURA: Chungwa?

HAMISI: Tangu ulipoandika kwenye simu jana nimekuwa nikiwaza jambo moja. Hiki kijiti cha meno. Hapa ni Nigeria, kaskazini kidogo ya ikweta. Nachoma hadi kitokee upande wa pili. Unajua kimetokea wapi?

ZUHURA: Umemwagia maji kwenye daftari la mama.

HAMISI: Samahani, nimefuta. Kimetokea karibu na Samoa. Ukitoboa dunia Nigeria, unaibukia Pasifiki ya Kusini, eneo lilelile ilipopotelea ndege yao ikirudi kuelekea Fiji. Hakuna mahali duniani palipo mbali na Nigeria kuliko pale!

ZUHURA: Hivyo umezidisha swali la mama, hujalijibu.

HAMISI: Nimeonyesha huenda walijua wanachofanya! Ben, yule mkubwa wa wenyeji wa kisiwa, akizungusha lile gurudumu la kukihamisha kisiwa, chini ya ardhi, anatupwa wapi? Tunisia, jangwani. Kwa hiyo kuna mlango kati ya kisiwa na Afrika.

ZUHURA: Mlango wa kutokea. Na wa mtu mmoja. Kindege chenye mabawa kimepitaje?

HAMISI: Kisiwa kinahama, Zuhura.

ZUHURA: Kinahama hadi Nigeria?

HAMISI: Lete kijiti.

ZUHURA: Acha chungwa kwanza, tuzungumze. Sisi tulikaa barazani kwa bibi. Anayetega anasema "Kitendawili!", tunaitikia "Tega!" Tukishindwa anasema "Nipe mji." Tunampa, tunamwambia chukua Tanga. Akishapewa mji, hana ruhusa ya kunyanyuka bila kusema jibu. Akinyamaza, hakuna atakayemwitikia kesho. Mama kawapa waandishi mji. Kawapa miezi minne ya goti bovu. Jibu liko wapi?

HAMISI: Kapewa Jack. Kapewa Sawyer aliyekuja hana haya hata kidogo akaondoka mtu mwingine. Mimi yule mbwa Vincent alipokuja kulala pembeni ya Jack ili asife peke yake, nililia, na sioni haya kusema. Hadithi ilikuwa ya watu wale. Mafumbo yalikuwa ya kukuita tu uingie ndani.

ZUHURA: Ukiniita kwako kwa harufu ya pilau, nikifika nataka pilau.

HAMISI: Sasa angalia walipojaribu kupakua. Sauti za msituni: kumbe ni roho zilizokwama pale. Mama kapiga tiki?

ZUHURA: Kapiga.

HAMISI: Alifurahi?

ZUHURA: ... Hapana. Alisema "Ahaa" ya chini.

HAMISI: Umeona! Namba je? Ni za wale walioteuliwa kulinda kisiwa, Locke 4, Hurley 8, Jack 23. Ndiyo tiki aliyoifuta, sivyo? Na ule mwanga wa pangoni, siri kuu ya kisiwa: jiwe linachomolewa kama kizibo. Kila fumbo likifunuliwa linakuwa dogo. Kabla yao, tamthilia ya Twin Peaks, iliyojengwa juu ya fumbo la nani kamuua binti Laura Palmer, ilimtaja muuaji Novemba 1990, kwa sababu kituo kilishinikiza. Juni 1991 ikatoka hewani.

ZUHURA: Jibu baya si ushahidi kwamba majibu hayatakiwi. Mpishi akiunguza wali, utasema wali hauliki? Twin Peaks baada ya jibu haikuwa na hadithi nyingine iliyoandaliwa, ndiyo maana ikayumba. Na Lost wenyewe hawakujua safari inaisha lini hadi Mei 2007, watayarishaji wake, Lindelof na Cuse, walipokubaliana na kituo kwamba zimebaki sehemu 48. Misimu mitatu mtu anasimulia huku anavuta muda! Anatupa fumbo juu ya fumbo ili wiki ijayo urudi. Hilo linaniuma, maana mama aliandika kila moja akiamini kuna mtu analijua.

HAMISI: Na mimi nakwambia hata wangelijua, angesema "Ahaa" ya chini.

ZUHURA: Ahaa yake ni haki yake. Ampe jibu, yeye ndiye aamue ni dogo.

HAMISI: Sikubali. Kuna mambo ukiyataja umeyaua.

ZUHURA: Na mimi sikubali. Aliyeogopa kuyataja asingeyatega.

HAMISI: Basi.

ZUHURA: Basi.

(kimya)

HAMISI: Unajua, kama kisiwa kinahama kwa kufuata mhimili huu wa chungwa...

ZUHURA: Hamisi!

HAMISI: ... kindege hakikuhitaji kusafiri. Kingebaki palepale juu ya Nigeria, kisiwa ndicho kikifuate. Mafuta hayana kazi. Mwandikie mama.

ZUHURA: Atakuuliza kwa nini basi kilinasa kwenye miti ya Pasifiki na si ya msitu wa Nigeria.

HAMISI: Kwa sababu kisiwa kilirudi nacho!

ZUHURA: ... Hilo nitamwambia. Hilo kweli nitamwambia. Hata yeye atachukua chungwa.

HAMISI: Fundi ananionyesha dakika tatu. Tulikuwa na yale mambo matatu ya waandishi wa tamthilia zetu.

ZUHURA: Hatuyafikii leo. Kwaya ya vijana imeshapanga viti nje, nasikia wanapasha sauti.

HAMISI: Hata la kwanza?

ZUHURA: La kwanza lina dakika kumi peke yake. Kabla hatujatoka, swali la 4. Walt. Kila siku ananiuliza, yule mtoto alipelekwa wapi? Kachukuliwa, kaongezewa mambo ya ajabu, halafu kimya.

HAMISI: Mwigizaji alikuwa anarefuka. Kisiwani zimepita wiki chache, yeye ameshakuwa kijana. Walikwama. Ila Walt yupo kwenye kile kipande cha mwisho.

ZUHURA: Kipande gani?

HAMISI: Kile cha dakika kumi na mbili hivi, kilichotoka na boksi la DVD Agosti 2010. Hurley na Ben wanamfuata Walt. Na dubu wanaelezwa humo.

ZUHURA: Dubu? Swali la kwanza? Jibu liliwekwa kwenye boksi la kununua?

HAMISI: Nilidhani unajua.

ZUHURA: Sisi tuliangalia zile DVD za Kariakoo, Hamisi, misimu mitatu kwenye sahani moja! Mama kalala na huzuni tangu Jumapili na wewe boksi unalo nyumbani?

HAMISI: Ninalo. Ijumaa nitakuletea.

ZUHURA: Leo. Tukitoka hapa tunapitia kwako. Na hilo chungwa usilile, tunakwenda nalo.