Viungo vya nyama na mchuzi kwa nyumba yenye mtu wa aleji

Jambo wandugu, jambo mama zetu wa Goma, na nyinyi mnaotufuata kutoka mbali. Leo tunatengeneza viungo vya kulowekea nyama na vya kutia kwenye mchuzi, kwa ajili ya nyumba yenye mtu ambaye mwili wake unakataa karanga, soya, ngano, maziwa au mayai. Sitaki mtoto huyo apikiwe sufuria yake pembeni. Nataka broshete zikifika mezani, naye anyooshe mkono kama wenzake.

Kabla ya kumenya kitunguu, toeni vile mnavyotumia kila siku, muviweke hapa mbele. Kube ya mchuzi: geuza karatasi yake usome. Nyingi zina ngano, soya au seleri, na zingine zina maziwa. Sosi nyeusi ya soya mara nyingi ina ngano pia. Mayonezi ni yai, na kwa kawaida ina mutarde, yaani haradali. Kwenye maandishi ya Kifaransa tafuta blé (ngano), soja (soya), arachide (karanga), lait (maziwa), œuf (yai), moutarde (haradali), céleri (seleri), sésame (ufuta). Ukikuta «peut contenir des traces», ujue chembe za hicho kitu zinaweza kuwa ziliingia kiwandani. Kwa mwenye aleji kali, rudisha dukani.

Na vile vinavyopimwa kwa kijiko sokoni, bila maandishi? Muulize mama anayeuza vilisagwa wapi. Mashine inayosaga unga wa uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama, inaweza kuwa ndiyo iliyosaga pilipili yako, au karanga za jirani. Ndiyo sababu leo tunasaga wenyewe.

Sasa kinu. Kama kimewahi kutwanga karanga, kiache. Mti unanyonya mafuta, na hata ukisugua huwi na hakika. Tafuta kinu kingine, kiwe cha kazi hii tu, au tumia kikwaruzo cha chuma. Mikono, kisu na ubao: maji na sabuni, halafu suuza. Ile dawa ya mikono ya kuua vijidudu haiondoi karanga. Na msidanganyike kwamba moto utamaliza kila kitu. Karanga iliyokaangwa bado inadhuru.

Tuanze na mbuzi, kilo moja, iliyokatwa vipande vya kuingia kwenye kijiti. Menya punje nne kubwa za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, na kitunguu kimoja cha kati. Tazama hapa karibu: ndani ya kinu ninatanguliza chumvi, vijiko viwili vidogo, ndipo kitunguu saumu. Chumvi inakwaruza, punje haziruki, na baada ya dakika mbili unaona maji yanatoka na harufu inabadilika. Hapo ndipo tangawizi inaingia, kitunguu mwisho, kwa sababu kina maji mengi na kikitangulia kila kitu kitateleza. Ongeza kijiko kidogo cha pilipili manga uliyotwanga mwenyewe, juisi ya ndimu mbili, na vijiko vitatu vya supu vya mafuta. Mimi ninachagua mawese au alizeti. Chupa isiyosema ni mafuta ya mmea gani, siipendi.

Paka nyama yote, funika, iache saa moja hadi mbili. Isilale usiku kucha kwenye ndimu. Nje inakuwa laini kama unga na ndani bado ngumu. Kama mbuzi ni mzee, kwaruza kipande kidogo cha nanasi bichi uongeze nusu saa tu kabla ya kuchoma. Samaki hana haja ya muda huo: tilapia ya ziwa, robo saa inatosha. Lakini kama mwenye aleji anakataa samaki, mafuta yaliyokaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, yasiguse chakula chake, na angalia pia unga wa ndagala, yaani dagaa, ambao wapishi wengine wanatia kwenye viungo.

Viungo vibichi vilivyosagwa, tengeneza vya siku hiyo tu. Umeme wetu tunaujua, unakatika. Zaidi ya yote, usiweke kitunguu saumu kibichi ndani ya chupa ya mafuta na kukiacha kabatini. Humo inaweza kuota sumu ambayo huioni wala huinusi, na inaua.

Cha kuweka ni kile kikavu, badala ya kube. Kata kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya, vyembamba sana, tandaza juu ya ungo, funika na chandarua, anika kwenye jua kali. Mvua ikija, ingiza ndani na umalizie juu ya mbabula yenye makala yanayozimika. Kimekauka kikivunjika, kikipinda, bado. Twanga kila kimoja peke yake, halafu changanya: vijiko vinne vya supu vya kitunguu, viwili vya nyanya, viwili vya chumvi, kimoja cha kitunguu saumu, kimoja cha tangawizi, nusu ya pilipili manga. Nyanya msiiache, ndiyo inayoleta ule utamu wa kube. Seleri tunayouziwa pamoja na puaro, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, mimi siitii, maana kuna watu inawadhuru. Majani ya puaro yaliyokauka yanatosha. Weka kwenye bokali kavu, andika tarehe na vyote vilivyomo. Kijiko kimoja kidogo kwa sufuria ya maharagi, onja, ongeza.

Mgeni akila halafu midomo ikavimba, akakohoa au pumzi ikabana, msimpe maziwa wala mafuta anywe. Hospitali, mara moja.

Turudi kwenye mbuzi wetu. Choma za mtoto kwanza, wavu ukiwa umesuguliwa na sabuni. Yale maji ya kulowekea yaliyobaki yamegusa nyama mbichi: yamwage, au yachemshe vizuri kabla ya kupaka. Geuza pande zote, kata kipande kimoja katikati uangalie. Kama bado ni chekundu, rudisha kwenye makala. Pilipili iwekwe kwenye kisahani chake, kila mtu ajichukulie.