Barua za Livingstone na Njia Zilizopitia

Mabibi na mabwana, barua za mkono za Dk. David Livingstone bado hupandishwa mnadani huko Uingereza, na anayenunua kwa mara ya kwanza aghalabu hukimbilia saini. Mimi ningemshauri asome kwanza mahali na tarehe. Livingstone aliporejea kwao mwishoni mwa 1856, na kitabu cha safari zake kikatoka mwaka uliofuata, alizongwa na mialiko na maombi ya kila namna, naye akawa anajibu kwa barua fupi za kushukuru au kuomba radhi. Hizo zipo tele, zimeandikwa kwa wino mzuri juu ya karatasi nzuri, na niseme kweli, hazina jipya.

Za safari yake ya mwisho, iliyoanzia Zanzibar mwaka 1866, ni habari nyingine kabisa. Barua iliyoandikwa bara ilikwenda kwa miguu, ikipokezanwa na misafara ya biashara kati ya Ujiji, Unyanyembe (Tabora ya leo) na pwani, na kufika kwake kulikuwa kudra tu: furushi la barua zipatazo 40 alilolituma kutoka Ujiji mwaka 1869 lilipotelea njiani.

Itazameni hii aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller mwezi Februari 1871, akiwa Bambarre, katika nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Wino wa dukani ulikuwa umemwishia, akatumia rangi aliyoipata kwenye mmea wa huko, nayo imefifia na kupenya hadi upande wa pili wa karatasi, hata maneno ya kurasa mbili yakapandana. Miezi michache baadaye, huko Nyangwe, hata karatasi hakuwa nayo. Shajara yake akaiandika juu ya kurasa za gazeti la London la Novemba 1869, mistari yake ikiikata ile iliyopigwa chapa. Kwa macho matupu, sehemu kubwa ya barua ile ya Waller haisomeki. Mwaka 2010 wataalamu waliipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na miale ambayo jicho haliioni, na maneno yakajitokeza. Ilikuwa mali ya mtu binafsi, na kazi hiyo isingewezekana bila ridhaa yake. Kwa maoni yangu, mwenye barua ya namna hii amenunua karatasi, hakununua haki ya kuyafungia maneno kabatini.

Na hati za miezi yake ya mwisho tunazo kwa sababu Chuma, Susi na wenzao, Waafrika waliomtumikia safarini, baada ya Livingstone kufariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, hawakubeba maiti peke yake. Walizifunga pia karatasi na vyombo vyake, wakatembea navyo mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874.