Ukiomba sifuri, umerudisha kizimba au bado unacho?

Mwangaluka, ndugu zangu. Leo nina neno moja tu: sifuri.

Chukulia umekodi vizimba vitano pale Mwaloni Kirumba, unauza dagaa. Mzigo umepungua, unamwendea msimamizi: "Nipunguzie viwe viwili." Anapunguza. Mbalamwezi ikaingia, na mnajua dagaa hawavuliwi mwezi ukiwaka, unamwambia, "Basi viwe sifuri." Anajibu, "Hakuna." Hakuna nini? Hakuna tena kizimba chako, nenda salama? Au ombi limekataliwa, na vile viwili bado unadaiwa?

Katika lugha ya programu ya C msimamizi huyo anaitwa realloc, kitendakazi cha kubadili ukubwa wa kumbukumbu ya kompyuta uliyopewa. Kiwango cha C cha 1989, yaani kanuni rasmi za lugha hiyo, kilitamka kwamba ukubwa ukiwa sifuri, kumbukumbu ya zamani inaachiwa. Kile cha 1999 kikaiondoa sentensi hiyo, ikabaki kanuni ya jumla: nafasi mpya isipopatikana, unapewa NULL, yaani anwani tupu, na ya zamani haiguswi. Sasa umeomba sifuri ukapata NULL. Ndiyo ipi?

Maktaba ya glibc, mkusanyiko wa vitendakazi vya C ambao wengi wenu mnao kwenye Linux, huachia kumbukumbu kisha hurudisha NULL. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, huachia pia, lakini hukupa anwani ya kipande kidogo. Na hapa ndipo panaponiuma: mwandishi mwangalifu, aliyesoma kanuni ya jumla, akiona NULL anajua "imeshindikana", anaita free, kitendakazi cha kuachia kumbukumbu, kwa anwani ya zamani. Kwenye glibc ameachia mara mbili. Akiwa na bahati programu inaanguka papo hapo. Akikosa, kumbukumbu inaharibika kimyakimya na mdukuzi anapata pa kupenyea. Mzembe ambaye hakukagua kitu amepita salama!

Kamati ya kiwango cha C ilifanya nini? Toleo la kiwango la C17 likasema matumizi haya yanaelekea kuachwa. Lile la C23 likayaita tabia isiyofafanuliwa, yaani lolote laweza kutokea. Ni kama msimamizi abandike tangazo: "Atakayesema sifuri, shauri yake." Utata umekwisha, ila mzigo katwishwa mchuuzi.

Kwa hiyo kagua ukubwa kabla ya kuita realloc. Ukiwa sifuri, ita free mwenyewe, kisha andika NULL kwenye kielekezi, yaani kigeu kinachoshika anwani hiyo.

Naam, dada wa nyuma pale? Free ikipewa NULL? Haifanyi chochote. Hilo kiwango kimeliandika wazi.