Tairi za pikapu ya mizigo: anza na uzito, jina la kampuni baadaye

Karibuni ndugu watazamaji. Leo tuko Ng'ambo, hapa Tabora mjini, na nyuma yangu mnaiona Land Cruiser pikapu, zile zinazoshusha mbolea Kaliua na kurudi na mahindi. Tairi zake zimebaki vipara. Mwenye gari kaja na swali ambalo kila mtu huja nalo: "Fundi, nichukue kampuni gani?" Swali hilo tuliweke pembeni kwanza. Gari ya mizigo unaichagulia tairi kwa uzito, kisha kwa njia inayopita, kisha kwa umri wa tairi yenyewe. Kampuni utaichagua ukishamaliza hayo matatu, kwa kadiri mfuko unavyoruhusu.

Hatua ya kwanza, fungua mlango wa dereva. Kijana, sogeza kamera hapa kwenye nguzo. Mnaona hiki kibao? Kimeandikwa saizi ya tairi na upepo wa mbele na wa nyuma. Hicho ndicho unachokifuata. Usisome saizi kwenye tairi iliyofungwa sasa hivi, kwa sababu gari hizi zimepita mikono mingi, na mwenye nazo wa kabla yako anaweza kuwa alifunga alichokipata. Kama kibao kimepigwa rangi au kimeng'olewa, tafuta kitabu cha gari.

Hii gari kibao chake kinasema 7.50R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, 16 ni kipenyo cha ringi, nacho kwa inchi. Hiyo herufi R katikati iangalie vizuri. R maana yake ni tairi ya waya, yaani rediali (radial). Ukikuta 7.50-16, pana kistari badala ya R, hiyo ni nailoni. Dukani zinapangwa pamoja na kwa mbali zinafanana, ila barabarani hazifanani hata kidogo: ya waya inatulia kwenye lami na haipati joto haraka. Usifunge ya waya kulia na nailoni kushoto kwenye ekseli moja. Gari itavuta upande, na siku ya breki ya ghafla utajuta.

Hatua ya pili, uzito. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoliwa hela.

Njoo ubavuni mwa hii tairi mpya. Pitisha kidole hapa: LT235/85R16, halafu 120/116, halafu herufi. LT inakwambia tairi imetengenezwa kwa gari za mizigo midogo. Namba 120 ni namba ya uzito. Usidhani ni kilo 120. Inasomwa kwenye jedwali, na 120 ni kilo 1400 kwa tairi moja. 116 ya pili ni kilo 1250, nayo ni ya gari zenye tairi pacha nyuma. Pikapu yetu ina tairi moja moja kila upande, kwa hiyo unasoma ile ya kwanza. Nyingine za kukumbuka: 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1000, 112 ni kilo 1120, 115 ni kilo 1215. Herufi ya mwisho ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170. Kwa pikapu iliyojaa mahindi, herufi hiyo isikunyime usingizi.

Sasa tupige hesabu. Chukua mfano ekseli ya nyuma, gari ikiwa imejaa, inabeba kilo 2000. Kila tairi ya nyuma ina kilo 1000 juu yake. Muuzaji anakuonyesha tairi pana, nzuri, inang'aa, 265/70R16, namba 112, haina LT mbele. Ni tairi ya gari ya kutembelea familia. Unasema 1120 ni zaidi ya 1000, basi inatosha. Haitoshi. Marekani, tairi ya aina hiyo ikifungwa kwenye gari ya mizigo, kanuni inataka uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, kwa sababu gari ya mizigo inayumba na kugonga kuliko gari ndogo. 1120 ukigawa kwa 1.1 unapata kama 1018. Umebaki na kilo 18 kwa kila tairi. Wape lifti watu wawili wakae nyuma juu ya magunia, hizo kilo 18 zimeisha na bado hujafika Urambo. Na hapo sijataja shimo, ambapo gurudumu moja likizama mzigo wote unalalia upande mmoja.

Isitoshe, hiyo 265/70 ni fupi. Kipenyo chake ni kama milimita 777, wakati 235/85 inafika 806, karibu sawa na 7.50. Ukifunga fupi gari inashuka, na spidomita inakudanganya.

Kuna maandishi mengine, 8PR au 10PR. Msidhani ndani kuna matabaka kumi. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu. Kwa pikapu inayobeba tani kila wiki mimi nashauri 10PR, wala sibishani na mtu. Lakini tairi ya 10PR bila upepo wake ni bure. Soma maandishi madogo hapa: kilo 1380 kwa 80 PSI, yaani kipimo cha upepo. (Jedwali lilisema 1400, tumia iliyoandikwa ubavuni, ndiyo ndogo.) Tairi hii hii ukiijaza 50 PSI, uwezo unashuka hadi kama kilo 1000. Umelipia tairi nzito ukaitumia kama nyepesi. Na ukiibebesha hivyo hivyo, ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata moto, na kipande cha lami kutoka hapa hadi Nzega saa nane mchana kinaimalizia.

Hatua ya tatu, pima ringi kabla hujatoa pesa. Hii gari ina ringi za kufungua, zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi, upana inchi 5 na nusu, zinatumia tyubu na flepa, ule utepe wa mpira unaolinda tyubu isisuguane na ringi. 235/85 inataka ringi ya kuanzia inchi 6. Kwa hiyo, pamoja na sifa zote nilizoipa, haifai kwenye ringi hizi. Mwenye gari atabaki na 7.50R16 yake, au anunue ringi pana za tyublesi, zisizotumia tyubu, kwanza. Akibaki na 7.50, anunue tyubu mpya na flepa mpya pamoja na tairi. Tyubu ya zamani imeshatanuka. Ndani ya tairi mpya inajikunja, na pale inapojikunja ndipo inapopasuka.

Hatua ya nne ni njia. Mkoa wetu una kila kitu. Kuna lami, kuna mchanga, kuna visiki vya miombo kwenye njia za warina asali kule Sikonge, na kuna udongo mweusi wa mbuga, kama Wembere kule Igunga, ambao mvua ya Januari ikiupiga hata ng'ombe anafikiria mara mbili. Tairi ziko za namna tatu. HT ina michirizi myembamba, ni ya lami. MT ina kashata, yaani meno ya mpira, kubwa zilizoachana, ni ya matope. AT iko katikati.

Vijana wengi wanataka MT kwa sababu inatisha kuitazama. Kama maisha yako ni porini masika yote, chukua. Ila kwenye lami inapiga kelele, inaisha haraka, na kwenye lami yenye maji inashika vibaya kuliko AT. Na ule udongo mweusi unajaza kashata za tairi yoyote. MT inachelewa tu kujaa na inajisafisha mapema kidogo. Kwa gari inayokwenda Kaliua leo na kesho iko Nzega, mimi ningefunga AT yenye nafasi pana kati ya meno na ubavu mgumu. Ubavu uangalie kuliko kashata, maana kisiki hakichomi katikati ya tairi, kinachana pembeni, na pembeni hapazibiki. Halafu mtaona herufi M+S. Ni matope na theluji. Zinasema tu kwamba michirizi imeachwa wazi kiasi fulani. Muuzaji asikuongezee bei kwa ajili ya theluji ya Tabora.

Hatua ya tano, tarehe. Tafuta neno DOT, fuata mpaka namba nne za mwisho. Hapa ni 3523: wiki ya 35, mwaka 2023. Mara nyingi iko upande mmoja tu, kwa hiyo usipoiona mwambie muuzaji aigeuze. Akisita, jiulize kwa nini. Mpira unazeeka hata ukikaa rafu. Ukianikwa juani mbele ya duka unazeeka haraka zaidi. Kuna kampuni zinazosema miaka 10 ndiyo mwisho kabisa hata kama kashata bado zipo. Binafsi, tairi ya "mpya" yenye miaka minne naidai punguzo, ya miaka sita naiacha. Za mtumba ndiyo kabisa: ikunje kidogo ubavuni kwa kidole gumba, ukiona nyufa kama za matope makavu, irudishe.

Hela ikitosha tairi mbili tu, funga mpya nyuma. Nyuma ikiteleza ndiyo inayogeuza gari. Na ukishaweka foo wili, tairi za mbele na nyuma ziwe kimo kimoja, la sivyo difu na gia boksi zinavutana.

Sasa tunafunga. Kwa ringi ya pete, upepo unajazwa tairi ikiwa ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, na mtu asisimame mbele ya pete. Pete ikichomoka ina nguvu ya kuua. Ukikuta fundi anaigongagonga kwa nyundo huku anajaza, chukua gari yako uondoke. Balansi na alaimenti fanya siku hiyo hiyo.

Upepo upime asubuhi kabla gari haijatembea. Ukitoka safarini utakuta umepanda; usiupunguze, ni joto. Ukiushusha ili utoke kwenye mchanga, ujaze tena kabla ya kukanyaga lami. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, simama ukaze nati zote upya, kwa mpangilio wa msalaba. Kila kilomita 10,000 badilisha tairi za mbele na za nyuma nafasi.

Na spea. Inama chini ya bodi uitazame: saizi ni ile ile? DOT yake inasema mwaka gani? Mnyororo wake unashuka au umeshikana kwa kutu? Ushushe sasa hivi tukiwa gereji, uupake grisi, spea uijaze upepo hadi kiwango cha tairi za nyuma. Kupunguza upepo njiani unaweza, kuuongeza porini ndiyo shughuli.