Usiamini Hisia, Tazama Mpira: Mazungumzo na Wachezaji Gofu wa Kisumu

Hamjambo nyote, wazee, akina mama, na ndugu zangu makedi mnaowabebea wachezaji fimbo. Asanteni kwa kuamka mapema. Niliomba tukutane asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma, kwa sababu mchana hapa Kisumu huwezi kujua kama mpira umepindishwa na mkono wako au na upepo.

Nianze na kosa langu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nikivuta fimbo nyuma, mabega yangu yanageuka mpaka mgongo unatazama shabaha. Ningeapa. Siku moja kedi wangu akanirekodi kwa simu, akanionyesha. Mabega yalikuwa yamegeuka nusu tu, na mikono ndiyo iliyokuwa imejikunja kwenye viwiko ili kufika nyuma. Niliumia, kisha nikafurahi, maana hatimaye nilikuwa na kitu cha kurekebisha. Mwili hukuambia ulichokusudia. Ulichofanya haukuambii.

Na unawezaje kukuambia? Tangu fimbo ianze kushuka mpaka iguse mpira ni kama robo sekunde. Binadamu huhitaji karibu muda huohuo kuona jambo na kuliitikia, kwa hiyo swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo, ikishaanza kushuka hakuna cha kurekebisha. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtetemo unaousikia mkononi unakufikia mpira ukiwa umeshaondoka.

Sasa tuje kwenye slaisi, maana ndiyo inayowatesa wengi waliokaa hapa. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira unaanza vizuri kisha unakata kona kwenda kulia. Anafanya nini? Anageuza miguu, analenga kushoto zaidi. Inaonekana ni busara, lakini hapo ndipo anapozidi kuharibu. Mpira huanza safari yake kwa kiasi kikubwa kule uso wa fimbo unakotazama, halafu hupinda kulingana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Ukilenga kushoto, njia ya fimbo inaelekea kushoto zaidi, lakini mikono yako bado inautaka uso utazame kwenye bendera. Tofauti imeongezeka, na mpira unapinda kuliko mwanzo. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakiendelea hivyo kwa miaka kumi. Dawa yake mara nyingi ni gripu, yaani namna unavyoshika fimbo: geuza mkono wa kushoto kidogo uelekee kulia, uweze kuona vifundo viwili au vitatu vya vidole unapoangalia chini.

Ndugu zangu makedi, naomba pia tuache kumwambia kila mteja, "Umeinua kichwa!" Akilazimisha kichwa kibaki chini, kifua hakigeuki, na mikono inabaki peke yake kuutafuta mpira.

Ushahidi tutaupata wapi? Simu inatosha. Iegemeze kwenye mfuko wa fimbo, iwe kwenye kimo cha mikono yako. Kwanza irekodi ikikutazama kifuani, kisha nyuma yako, kwenye mstari wa kuelekea shabaha. Ikisogea kulia au kushoto utajishuku kasoro usiyokuwa nayo. Washa mwendo wa polepole: kwa picha 30 kwa sekunde, ule ushukaji wote unapata picha saba au nane tu; kwa picha 240 unapata kama 60. Hata hivyo mguso wenyewe hautauona. Kwa huo, paka doa kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, doa litazame fimbo, kisha upige. Alama itabaki kwenye uso wa fimbo, nawe utajua kama unagonga katikati au pembeni. Halafu tazama nyasi ulizokwangua: mkwaruzo unaoelekea kushoto unakueleza njia ya fimbo.

Kuna jambo jingine wageni wetu kutoka Eldoret wanalijua kwa uchungu. Kule wako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sisi hapa ni kama 1,130. Hewa nyepesi inaubeba mpira mbali zaidi, na pia haiupindishi sana. Mtu anateremka hapa, fimbo ileile, swingi ileile, mpira unapungua umbali na slaisi aliyodhani ni ndogo inajitokeza yote. Anailaumu Kisumu, wakati Kisumu imemwonyesha kile ambacho Eldoret ilikuwa ikimfichia.

Katika mazoezi, sipendi kuona mtu akimaliza ndoo nzima ya mipira kwa fimbo moja. Mpira wa thelathini utatoka mzuri kwa sababu umeuzoea dakika hiyo. Kiwanjani hupewi mapigo thelathini. Unapewa moja, kisha unatembea. Rekebisha kasoro moja kwa mipira michache, taratibu, hata bila mpira, kisha badilisha fimbo na shabaha kila pigo. Utapiga vibaya zaidi siku hiyo, na usiogope. Andika kwenye daftari mpira ulianzia wapi na ukapindia wapi. Basi.

Sasa tutoke. Kila mmoja achukue aini saba, ile fimbo ya chuma namba saba, na mipira kumi, mgawane wawili wawili, mmoja apige na mwingine arekodi. Kabla hujaitazama video, mwambie mwenzako unachodhani umefanya. Majani bado yametulia, tuna kama saa mbili.