Karatasi ya "Kwa Hiari Yangu"

ODETTE: Jambo wasikilizaji wetu wa komuni za Kenya, Katuba na Ruashi hapa Lubumbashi, na ninyi mnaotusikia kutoka Likasi na Kolwezi. Tumepokea sauti nyingi kutoka kwa wafanyakazi wa maabara moja ya utafiti wa madini hapa Lubumbashi. Jina tunaliacha. Wote wanasema orodha iko tayari, watu watapunguzwa, na hakuna anayejua watalipwa nini.

ILUNGA: Na kila mmoja ana orodha yake, Yaya Odette. Huyu anasema wataondoka watu wa zamu ya usiku, yule anasema ni wenye umri mkubwa. Fundi mmoja wa sampuli ametueleza kwamba karani wa utawala akipita na bahasha ya kaki, mashine ya kusaga mawe inazimwa. Watu wanasimama mlangoni, vumbi likiwa bado mikononi, wanaangalia bahasha inaingia ofisi gani.

ODETTE: Masikini. Na hofu hiyo ina chanzo. Tarehe 22 Februari 2025 nchi yetu ilisimamisha kusafirisha kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Tangu tarehe 16 Oktoba mwaka uleule kobalti inatoka kwa mgao: kwa 2026 nchi nzima imewekewa tani 96,600. Migodi ikipunguza kazi, sampuli nazo zinapungua, na maabara inayoishi kwa sampuli inaanza kuhesabu watu wake.

ILUNGA: Ndiyo maana siwalaumu wanaonong'ona. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Diresheni, yaani wakubwa wa kampuni, ikinyamaza, mfanyakazi ataokota habari popote, hata kwa dereva.

ODETTE: Waokote, sikatai. Kinachoniuma ni kile ambacho hofu inawafanyia. Mama mmoja katuambia aliitwa ofisini, akawekewa karatasi mezani: "Ninaacha kazi kwa hiari yangu." Akaahidiwa pesa kidogo akisaini palepale. Sasa mtu ambaye tayari ameamini kwamba jina lake liko kwenye orodha atafanya nini? Atasaini, apate hata hicho kidogo.

ILUNGA: Wallahi asisaini! Aombe kuondoka nayo, aisome nyumbani, amwoneshe delege, mjumbe wa wafanyakazi. Ukiandika kwamba umeacha mwenyewe, umeshawaondolea mzigo wote. Hakuna tena kupunguzwa, kuna wewe uliyeondoka.

ODETTE: Na mzigo wenyewe si mdogo. Sheria ya kazi ya Kongo ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, ikarekebishwa mwaka 2016. Mwenye kontra isiyo na mwisho, yaani mkataba wa kazi usio na tarehe ya kuisha, hafukuzwi bila sababu halali. Mwajiri akisema sababu ni uchumi, lazima awaandikie wajumbe wa wafanyakazi siku 15 kabla, asikie wanasemaje. Kisha kuchagua nani aondoke kuna utaratibu: ujuzi wake, miaka aliyokaa pale, na familia anayoilisha. Wakipunguzwa wengi kwa mpigo, inatakiwa ruhusa ya Waziri wa Kazi.

ILUNGA: Kwa hiyo ile ya "wenye umri mkubwa ndio watakaotoka" haisimami kabisa. Miaka mingi pale inamlinda mtu.

ODETTE: Inamlinda, na inamwongezea preavi, yaani siku za notisi au pesa yake. Mwajiri akivunja kontra, wewe unamdai siku 14 za kazi, halafu siku 7 kwa kila mwaka mzima uliofanya. Yule mama ana miaka kumi. Chukua kalamu, ndugu yangu.

ILUNGA: Saba mara kumi, sabini. Ongeza kumi na nne... siku 84 za kazi! Hiyo ni zaidi ya mishahara mitatu.

ODETTE: Na bado likizo ambayo hajaila, na chochote kilichoandikwa kwenye mkataba wa pamoja wa kampuni. Waliyomwekea mezani ni mshahara mmoja.

ILUNGA: Mmoja! Sisi watu wa Katanga tulishayaona haya. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walitoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa pesa ya Benki ya Dunia. Wazee wengi wa Likasi na Kolwezi waliendelea kudai miaka na miaka, wakisema walichopewa hakikufikia haki yao. Watoto wao ndio hawa walioko maabarani leo.

ODETTE: Nataka pia diresheni itusikie. Mnaponyamaza, wa kwanza kukimbia ni yule fundi hodari ambaye kampuni nyingine inamtafuta. Akiondoka, nani atawafundisha vijana kupima? Itisheni watu, semeni hali ilivyo, hata kama ni mbaya.

ILUNGA: Kuna kijana mmoja ameuliza, Yaya. Yeye ni wa kazi ya siku, analipwa kwa siku, ameambiwa hayumo kwenye hesabu yoyote.

ODETTE: Amedanganywa. Mtu wa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Mwenzetu, daftari la mahudhurio lipige picha kesho asubuhi, ukurasa kwa ukurasa, kabla halijahamishwa. Nenda nazo kwa delege. Akishindwa, uende Inspeksheni ya Kazi, ofisi ya serikali inayosimamia sheria ya kazi, maana hata mahakama itakuuliza kwanza kama ulipitia kule kwa mapatano.

ILUNGA: Na yule mama je, kama ameshasaini?

ODETTE: Hajasaini. Amenitumia picha ya karatasi jana usiku, sehemu ya sahihi bado ni tupu.