Wezi wa sabuni: matangazo yalivyoivamia filamu ya Nichetti

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Leo naongelea Ladri di saponette, filamu ya Mtaliano Maurizio Nichetti, 1989, jina la kuichokoza Ladri di biciclette, filamu ya dairekta mwenzake Mtaliano De Sica ya 1948, yaani pale iliibwa baiskeli, hapa sabuni.

Nichetti anaigiza kama yeye mwenyewe, dairekta kaitwa studio maana TV inarusha filamu yake ya huzuni, ile ya nyeusi na nyeupe, na kila ikinoga wanaikata waweke matangazo ya rangi. Ndo Italia ya chaneli za Berlusconi hiyo, yule tajiri wa TV za binafsi, mpaka Fellini, dairekta mkubwa wa Italia, alikuwa anapiga kelele hadharani filamu zisikatwe kwa matangazo. Sasa umeme unaleta shida studio, mrembo wa tangazo aliyejitosa kwenye bwawa la kuogelea anaibukia ndani ya filamu, Antonio mlalahoi wa kiwanda cha taa anamwokoa, na mkewe Maria naye anaishia huko kwenye matangazo, kwenye rangi na sabuni, na wala halii.

Nichetti kachanganyikiwa, anaingia mwenyewe kwenye filamu kuwarudisha, maana script inataka Antonio apooze, Maria ajiuze, watoto waende kituo cha yatima. Eti ndo sanaa! Antonio, Maria na watoto wenyewe wanarudi na matoroli ya supamaketi yamejaa bidhaa, wanacheka, na dairekta ndo anabaki amefungiwa kwenye TV.

Watu wanasema filamu inalaani biashara, sawa, ila mi naona kibao kikali zaidi kinampata msanii anayetaka maskini wake wabaki maskini ili filamu ipendeze. Na hata kwa De Sica tangazo lilikuwepo bana, Antonio wa kule kazi yake ni kubandika mabango ukutani, baiskeli inaibwa yuko juu ya ngazi anabandika picha ya Rita Hayworth, nyota wa Hollywood, hiyo watu huwa wanaisahau.

Afu cheki hii, Julai 1989 tamasha la Moscow likampa Nichetti tuzo kuu, na mwezi huohuo, hukohuko Usovieti, wachimba makaa wa Siberia wako kwenye mgomo, na moja ya malalamiko yao ni kwamba wanatoka mgodini weusi tii na sabuni ya kuogea hakuna. Wale ungewaonyesha Maria na toroli lake sijui wangecheka sehemu gani. Haya, maswali, anza wewe dada wa mbele.